Kubadilisha dashibodi na geji za pikapu ya Land Rover 109: bodi kwanza, geji baadaye

Land Rover 109 ina sifa moja inayofaa mji wa bahari: mabati yake mengi ni ya alumini, kwa hivyo hayaliwi na kutu kama ya pikapu nyingine za rika lake. Lakini nyuma ya dashibodi hakuna alumini. Kuna shaba, bati na chuma, na upepo wa Mombasa una chumvi usiku na mchana, uwe wa kaskazi au wa kusi. Ndiyo sababu gari inayovuta vizuri, breki zake nzima na gia zake tamu, utaikuta geji ya mafuta imelala, ya joto imesimama juu kabisa, na spidomita inarukaruka kama panzi.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua geji mpya. Rai yangu ni nyingine: usinunue geji hata moja mpaka umetengeneza waya wa bodi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye chesi na kwenye betri. Geji nyingi zinazotupwa hapa Pwani ni nzima. Mteja humwambia fundi, "Geji ya mafuta imekufa, nitafutie nyengine," na fundi mwenye subira humjibu, "Hebu tuziguse nyaya kwanza, bwana." Nusu ya mwongozo huu ni hayo maguso.

Ijue gari uliyo nayo

Land Rover za Series IIA zilitengenezwa tangu 1961 hadi 1971, na Series III tangu 1971 hadi 1985. Kwa kazi yetu tofauti kubwa ni hii: IIA ina kibao cha chuma katikati ya gari, geji zote zimepangwa hapo. Series III ina dashibodi ya plastiki, na geji zimehamishwa mbele ya dereva. Kuna wanaotaka kuivisha IIA dashibodi ya III. Inawezekana, ila utakata chuma, utarefusha karibu kila waya, na ukimaliza utakuwa na plastiki ya zamani inayopasuka kwa jua mahali palipokuwa na chuma kizima. Mimi simshauri mtu. Kibao cha IIA kitengeneze au kinakili, na plastiki ya III iliyopasuka ifanyie kibao kipya cha geji pekee.

Pili, tazama betri. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo imefungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Nyingi zimeshageuzwa na mafundi, lakini usikisie: fuata kwa macho waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye chesi, uone umetoka upande upi. Geji za zamani za mafuta na joto hazijali upande. Rekometa (geji ya mizunguko ya injini) ya kisasa, taa za LED na redio zinajali sana, na zikiungwa kinyume zinaungua papo hapo.

Tatu, ni ya petroli au ya dizeli? Hili litarudi tukifika kwenye rekometa.

Vifaa

Bisibisi za aina zote mbili, spana za inchi (nati za gari hii si za milimita, na spana ya milimita itazila pembe), koleo ya kubania taminali, mita ya kupimia volti na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), taa ya kupimia, msasa laini, brashi ya waya, tepu ya kitambaa na mafuta ya mgando. Kwa nyaya mpya, ulizia katika maduka ya vifaa vya boti ule waya ambao kila unywele wake wa shaba umepakwa bati. Ni ghali kuliko waya wa kawaida wa gari, lakini umetengenezwa kwa ajili ya chumvi. Waya wa kawaida ukiuchuna baada ya miaka michache hapa kisiwani utaukuta mweusi hadi ndani ya mpira wake.

Geji za mtumba za Smiths, ambazo ndizo za asili, hupatikana kwa wauza chuma chakavu na kwa wanaochinja gari nzima. Zikikosekana Mombasa, maduka ya spea ya Kirinyaga Road kule Nairobi hutuma mzigo kwa basi la usiku. Mwambie muuzaji akupigie picha ya uso wa spidomita kabla ya kulipa. Kuna nambari ndogo pale utakayoihitaji, tutaifikia.

Hatua ya 1: Toa betri, piga picha

Fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, uwe hasi au chanya. Ukianza na ule mwingine na spana ikagusa bati, utaona cheche utakazozikumbuka.

Piga picha ya nambari ya maili au kilomita kwenye spidomita. Ukiweka spidomita nyingine nambari haitaendelea pale ilipoachia, na siku ya kuuza gari utataka kumwonyesha mnunuzi ilipofika ya zamani. Iandike pia kwenye kitabu cha matengenezo pamoja na tarehe.

Hatua ya 2: Kitoe kibao

Ondoa skurubu zinazoshika kibao, kivute polepole kuelekea kwako, kisha ingiza mkono nyuma na ulegeze nati ya kebo ya spidomita kwa vidole. Usikivute kibao kwa nguvu kikiwa bado kimeshikwa na kebo. Ukiwa na nafasi ndogo, legeza kwanza kebo upande wa chini, kwenye boksi ya gia ndogo, ili ipate ulegevu.

Kabla ya kuchomoa chochote, piga picha tena, nyingi, kila pembe. Kisha funga kipande cha tepu nyeupe kwenye kila waya na uandike unakotoka. Rangi za Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya gari hizi, zinasaidia, na ndizo hizi:

- Kahawia: umeme wa betri moja kwa moja, hauzimwi na ufunguo na hauna fyuzi. Huu ndio wa kuogopa.
- Mweupe: umeme unaokuja ukigeuza ufunguo.
- Kijani: umeme wa ufunguo uliopita kwenye fyuzi.
- Kijani hafifu: unaotoka kwenye stabilaiza (kidude cha kutuliza volti za geji) kwenda kwenye geji.
- Kijani wenye mstari mweusi: geji ya mafuta kwenda kwenye floti ya tanki (kipimio kinachoelea juu ya mafuta).
- Kijani wenye mstari wa buluu: geji ya joto kwenda kwenye sensa ya injini.
- Mweupe wenye mstari wa kahawia: taa ya presha ya oili.
- Kahawia wenye mstari wa njano: taa ya chaji.
- Buluu wenye mstari mweupe: taa ya ful, yaani ya mwanga wa mbali.
- Kijani na nyekundu: indiketa ya kushoto. Kijani na nyeupe: ya kulia.
- Nyekundu na nyeupe: taa za ndani ya geji.
- Mweusi: bodi.

Sasa, hayo ni ya kiwandani. Gari iliyopita mikononi mwa mafundi wa barabarani kwa miaka 50 inaweza kuwa na waya mwekundu wa nyumba unaofanya kazi ya mweupe, na waya wa spika unaopeleka umeme kwenye indiketa. Rangi ikuongoze, mita ithibitishe.

Hatua ya 3: Waya wa bodi

Hapa ndipo pa kukaa. Umeme wa geji unatoka betri, unapita kwenye geji, unateremka kwenye floti au sensa, kisha unarudi betri kupitia bati la tanki, chesi na injini. Kila mahali chuma kinapokutana na chuma kingine kwa bolti, chumvi inajenga utando. Utando huo ni ukinzani, na geji haijui kutofautisha ukinzani wa kutu na ukinzani wa floti. Inavijumlisha vyote, kisha inakuambia tanki ni tupu.

Rudisha betri kwa muda, washa ufunguo na taa kubwa. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, ncha nyingine kwenye bati la kibao cha geji. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, bodi yako ni mbovu. Rudia kipimo hicho kwenye silinda hedi, kwenye chesi, na kwenye kifuniko cha floti. Mahali nambari inaporuka ndipo ugonjwa ulipo.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Toa betri tena. Fungua waya mnene wa betri kwenda kwenye chesi, na ule wa injini kwenda kwenye chesi, ambao mara nyingi hukuti ila nyuzi tatu zimebaki. Badilisha zote mbili. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, halafu paka mafuta ya mgando juu yake. Yapake baada ya kukaza, ili chuma kwa chuma kigusane kwanza na mafuta yazuie hewa tu.

Kisha vuta waya mmoja mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye bolti hiyo ya chesi hadi nyuma ya dashibodi, na uumalizie kwenye kipande cha shaba chenye matundu kadhaa ya skurubu. Kila geji, kila taa na stabilaiza vitapata bodi yake hapo. Usikifunge kipande hicho kwenye bati la alumini la gari: alumini na shaba zikikutana penye chumvi zinalana. Kifunge kwenye ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva, au kwenye kibao chenyewe kikiwa cha chuma.

Wako wasemao waya huu ni wa kupoteza pesa kwa sababu gari ilitoka kiwandani bila huo. Kweli ilitoka bila huo, lakini kiwanda kile kiko Solihull, Uingereza, si Likoni.

Hatua ya 4: Zihukumu geji za zamani kwa haki

Geji za mafuta na joto za Smiths zilizo kwenye nyingi ya gari hizi zinafanya kazi kwa joto. Ndani kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita unapata joto, ukanda unapinda, mshale unasogea. Ndiyo maana mshale hupanda polepole ukiwasha gari. Kwa kuwa volti za gari hupanda na kushuka, zinalishwa na kidude kidogo cha bati nyuma ya kibao, ndiyo stabilaiza, ambacho hukata na kurudisha umeme ili wastani wake uwe volti 10.

Stabilaiza hupata bodi kupitia ganda lake. Ganda likiwa limelegea au lina kutu, haikati tena, inapitisha volti zote za betri, na geji zote mbili zinasoma juu kupita kiasi. Basi kanuni ni hii: geji ya mafuta na ya joto zikikosea pamoja, shuku stabilaiza. Ikikosea moja tu, shuku geji hiyo, waya wake au floti yake. Watu wameshabadilisha thamostati, rejeta na hata gasketi ya hedi kwa sababu ya skurubu moja ya stabilaiza iliyolegea.

Kujaribu geji ya mafuta: chomoa waya wa kijani na mweusi kwenye floti, washa ufunguo. Mshale ukae kwenye tupu. Gusisha waya huo kwenye bodi kwa sekunde chache, mshale upande kuelekea kujaa. Ukipanda, geji na waya ni vizima na ubovu uko kwenye floti au kwenye bodi ya tanki. Usiuache umegusa muda mrefu, utaunguza waya mwembamba wa ndani.

Floti nayo ipime kwa omu. Ya Smiths husoma zaidi ya omu 200 tanki likiwa tupu na chini ya 40 likiwa limejaa. Sogeza mkono wake polepole. Nambari ziteremke bila kuruka. Tanki la pikapu hii liko chini ya kiti, kwa hivyo itoe gari nje penye hewa, betri iwe imefunguliwa, na asiwepo mtu wa sigara wala balbu ya stima ya nyumba karibu. Gasketi ya floti weka mpya.

Geji iliyoingia unyevu mpaka kioo kikawa na ukungu kwa ndani, ifungue ile pete ya mbele kwa kuigeuza taratibu, ikaushe kivulini siku nzima, kisha ubadilishe mpira wa kioo kabla ya kufunga. Uso wenye maandishi usiuguse kwa spiriti wala petroli: tarakimu zitatoka na kitambaa. Brashi laini kavu yatosha.

Hatua ya 5: Ukiamua kuweka mpya, geji na floti ziwe jozi

Geji mpya za milimita 52 zinajaa madukani, na shimo hilo ndilo kipimo cha geji ndogo duniani kote, kwa hivyo zinaingia. Kuingia hakumaanishi kusoma. Kila mtengenezaji ana omu zake. VDO za mafuta kwa kawaida ni omu 10 tupu na 180 zikijaa, kinyume kabisa na Smiths: ukiweka geji ya VDO na kuacha floti ya zamani, kadiri unavyojaza tanki ndivyo mshale unavyoshuka. Nyingine ni 240 hadi 33, ambazo zinakaribiana na za Land Rover na zinaweza kufanya kazi na floti ya asili. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Isipokuwepo karatasi, rudisha boksi.

Geji ya kisasa inataka volti 12 kamili moja kwa moja kutoka kwenye waya wa kijani. Usiilishe kwenye stabilaiza, mshale utacheza. Na geji ya zamani usiilishe bila stabilaiza. Zikichanganywa kwenye kibao kimoja, ziwe na njia mbili za umeme.

Geji ya presha ya oili ndiyo nyongeza ninayoipenda kuliko zote. Taa ya oili huwaka presha ikiwa imeshaanguka. Geji inakuonyesha inavyoanguka wiki baada ya wiki. Injini ya lita 2.25 ikiwa na moto wa kazi inatakiwa iwe kati ya psi 35 na 65 katika mwendo wa maili 30 kwa saa, takriban kilomita 48. Chukua ya umeme. Zile za bomba huleta oili ya moto hadi magotini mwa dereva, na bomba la plastiki likichoka linapasuka ukiwa katikati ya Makupa. Taa ya zamani iache: weka kiungo cha T ili taa na geji zishirikiane tundu moja. Chunga hesi: 1/8 BSP (ya Kiingereza) ina meno 28 kwa inchi na 1/8 NPT (ya Kimarekani) ina 27. Kwa jicho ni pacha, zinaanza kuingiana vizuri, kisha zinakwama au zinavuja. Isipoingia kwa vidole mizunguko kadhaa, acha.

Geji ya volti weka badala ya ile ya ampea iliyo kwenye gari za mwanzo. Umeme wote wa chaji unapita ndani ya geji ya ampea, na ilikusudiwa dinamo ndogo. Gari iliyowekewa alterneta kubwa inaweza kuichemsha mpaka ikawasha moto nyuma ya kibao. Ukiitoa, nyaya zake mbili nene ziunganishe pamoja kwa bolti, nati na mpira wa kuzuia, si kwa kusokota na kufunga tepu.

Rekometa: kwenye petroli, waya wake unakwenda upande wa koili unaoelekea kwenye pointi, na swichi ya nyuma iwekwe kwenye silinda 4. Dizeli haina koili, hivyo inahitaji rekometa inayosoma alterneta, na alterneta yenye tundu lililoandikwa W. Kwa pikapu ya kubebea mchanga mimi naona ni pambo.

Hatua ya 6: Spidomita

Kwenye uso wa spidomita ya Smiths, chini, mna nambari kama 1000 au zaidi. Hiyo ni idadi ya mizunguko ya kebo kwa maili moja. Spidomita yenye nambari isiyolingana na gari yako itadanganya, hata ikiwa mpya kabisa. Zile za kebo za magari ya Kijapani nyingi huhesabu mizunguko 637 kwa kilomita, na vichwa vya kebo navyo ni tofauti.

Kuijua gari yako, tafuta mahali tambarare, upime mita 20 chini kwa futi ya utepe. Chomoa kebo nyuma ya spidomita, ubandike kipande cha tepu kama bendera kwenye ule uti wa ndani. Gia iwe huru, na upepo wa matairi uwe wa kawaida. Wenzako wasukume gari polepole moja kwa moja mita hizo 20, wewe uhesabu mizunguko ya bendera, pamoja na vipande vya mzunguko. Zidisha kwa 50 upate ya kilomita, kisha kwa 1.609 upate ya maili.

Tuseme umehesabu 14. Ni 700 kwa kilomita, yaani kama 1,126 kwa maili. Ukifunga hapo spidomita ya 1000, itasoma juu kwa asilimia 12 au 13: ukienda 50 yenyewe inasema 56. Kwa upande wa polisi hilo ni salama, lakini kilomita za sevisi zinahesabika haraka na bei ya kuuza inashuka. Hali ya kinyume ndiyo mbaya, kwani kikomo cha mjini ni kilomita 50 kwa saa na spidomita itakuapia uko 44. Matairi nayo yamo ndani ya hesabu hii. Ukiondoa ya 7.50-16 na kuweka mengine, hesabu upya.

Kebo isikunjwe kwa kona kali, na isiguse bomba la moto. Uti wake upake grisi kidogo, ila sentimita 15 za juu uziache kavu, la sivyo grisi itapanda hadi ndani ya spidomita na kuilewesha.

Hatua ya 7: Kibao kipya

Kama kibao cha chuma kimeoza, kata kingine kwa bati la alumini la milimita 2, au kwa ubao. Mombasa ina maseremala wa kuaminika, na mvule uliopigwa randa na vanishi ya mashua unapendeza kuliko plastiki yoyote. Mbao ziwe zimekauka hasa, maana ubao mbichi utapinda kaskazi ikianza.

Weka kibao cha zamani juu ya kadibodi, chora mashimo yote, kisha keti kwenye kiti cha dereva na uishike kadibodi mahali pake. Usukani usifunike geji ya oili wala ya joto. Toboa kwa msumeno wa duara wa kufunga kwenye drili, malizia kwa tupa na msasa.

Na hapa bodi inarudi: kibao cha chuma kilikuwa chenyewe ndicho waya wa bodi wa kila geji na kila taa. Ubao haupitishi umeme. Kila geji, kila kishikio cha balbu na ganda la stabilaiza lazima lipewe waya wake mweusi hadi kwenye kile kipande cha shaba. Dashibodi ya mbao inayong'aa huku geji zote zimelala, karibu kila mara sababu ni hiyo. Alumini inapitisha, lakini kwa hali ya hewa yetu ipe nyaya vilevile.

Hatua ya 8: Nyaya, fyuzi na taa

Kwa geji na taa zake waya wa milimita moja ya mraba unatosha na unabaki. IIA ina fyuzi mbili tu kwa gari zima, na zile za Lucas zilizoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35 lakini zimekusudiwa kubeba kama 17 kwa kuendelea. Ongeza boksi ndogo ya fyuzi za kisasa: ampea 5 kwa geji, 5 kwa taa za geji. Redio na chaja ya simu vipewe yao, visiegemee kwenye waya wa geji.

Taminali zibane kwa koleo yake, kisha uzifunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Kusokota na kufunga tepu nyeusi hakudumu hapa: joto huyeyusha gundi ya tepu, na msimu wa masika maji hujipenyeza.

Balbu za LED ndani ya geji ni nzuri, hazitoi joto na haziyeyushi vishikio. Isipokuwa moja. Taa ya chaji usiiguse: acha balbu yake ya wati 2.2. Umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alterneta. Ukiweka LED tupu au ukiitoa kabisa, alterneta inaweza kukaa kimya bila kuchaji, na wewe utajua asubuhi betri ikikataa.

Hatua ya 9: Washa kwa hila

Kabla ya kurudisha betri moja kwa moja, chukua balbu ya breki ya volti 12, wati 21, uiweke kati ya nguzo ya betri na kichwa cha waya wake. Kila kitu kikiwa kimezimwa, balbu isiwake. Ikiwaka kwa nguvu, kuna waya umegusa bodi mahali, na balbu imekuokoa na moto. Chomoa nyaya mojamoja mpaka izime, umempata mkosa. Ikikaa giza, unganisha betri, washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ya chaji na ya oili ziwake zote mbili. Washa injini, zizime. Volti zipande hadi karibu 14.

Jaribu indiketa, ful, breki na honi, kisha uipeleke barabarani. Barabara ya Malindi kuelekea Mtwapa inafaa kwa spidomita: mwenzako ashike simu yenye GPS, mlinganishe kwenye 30, 50 na 80. Kwa geji ya joto, foleni ya feri ya Likoni saa za jioni ni maabara tosha. Injini ikikaa bila upepo mshale utapanda kidogo, kisha utulie. Ukipanda bila kutulia, safari hii uamini, maana stabilaiza na bodi umeshazitengeneza, kalitazame rejeta.

Geji ya mafuta irekebishe akilini kwa lita: anza na tanki karibu tupu, jaza lita 10 kwa 10, na kila mara subiri dakika mbili mshale utulie kabla ya kusoma. Weka alama ndogo za penseli kwenye ukingo wa kibao. Baada ya mwezi mmoja, fungua kibao tena na ukaze skurubu za kile kipande cha shaba, kwa sababu shaba mpya hulegea kidogo ikishapata joto na baridi, halafu upake mafuta ya mgando upya.